Mama Taratibu na Njia Nne

Jirani yangu anaogopa vitu vingi, na kwa kuwa tumeishi ukuta kwa ukuta tangu watoto wetu wakitambaa, navijua karibu vyote. Anaogopa radi. Anaogopa mtungi wa gesi, kwa hiyo anapikia mkaa. Anaogopa moshi wa mkaa, kwa hiyo anapikia nje, na akiwa nje anaogopa upepo. Simu ikiwa kwenye chaji haigusi. Mbwa wa jirani amefungwa mnyororo, na yeye anauogopa mnyororo kwamba iko siku utakatika. "Taratibu!" humwambia mtu anayeshuka ngazi, anayekata kitunguu, anayekunywa chai ya moto, na mteja anayejaribu gauni lenye pini. Mtaa mzima unamwita Mama Taratibu, naye huitika bila kinyongo.

Ni fundi cherehani. Mashine yake iko barazani, inatazama barabara kuu. Nyumba zetu ziko chini, na barabara imejengwa juu ya tuta, kwa hiyo ukikaa barazani kwake huoni magari mazima. Unaona matairi tu, mengi, yanazunguka usawa wa paji la uso wako. Shule na zahanati viko ng'ambo ya pili.

Mume wake ni dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu. Magoti yaliisha kwa kukanyaga klachi, na siku hizi hukaa kwenye kigoda karibu na cherehani akicheza drafti peke yake kwa vizibo vya soda.

"Katibu," aliniambia siku moja. Katibu ni mimi, kwa sababu ndimi ninayeandika kumbukumbu za kamati ya wazazi wa shule. "Huyu mke wangu juzi kaota ndoto nzuri, akaamka anatetemeka. Namuuliza kulikoni, ananiambia ilikuwa nzuri mno, lazima kuna jambo."

"Cheka tu," mkewe alisema bila kuinua macho kwenye mshono. "Umefika uzeeni kwa woga wangu mimi, si kwa breki zako."

Nadhani alisema kweli, au aliamini hivyo. Miaka yote mzee alipokuwa safarini, siku anayotarajiwa kurudi Mama Taratibu alikaa kwenye mashine, mguu juu ya kanyagio, na hakushona. Alisikiliza. Kila lori lililopunguza mwendo lilikuwa lake, kisha halikuwa lake. Mzee alirudi kila mara, hata kama alichelewa, na mwishowe akastaafu. Woga haukustaafu. Ulibaki pale pale kwenye kiti, na binti yao alipopata kazi mji mwingine akawaachia mjukuu wa kusomesha, ukapata kazi mpya. Mjukuu huyo tunamwita Kidoti, kwa alama ndogo iliyo shavuni kwake. Anasoma shule ya ng'ambo.

Miaka michache nyuma, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwetu aligongwa akivuka kwenda shule. Hakufa, lakini mguu wake haukuwa tena mguu wa kukimbilia. Baada ya hapo Mama Taratibu alikataa kabisa Kidoti avuke juu. Akakumbuka kalavati, lile tundu kubwa la zege linalopitisha maji ya mvua chini ya barabara. Mtu mzima akiinama kidogo anapita. Lilikuwa limejaa matope, matairi mabovu na nyoka wa kufikirika. Alilisafisha kwa jembe, mzee akimulika tochi na kumtania kutoka mlangoni, na kila alipogusa kitu kilicholainika alipiga kelele iliyotufanya sote tutoke nje.

Kisha akashona mkanda. Aliunganisha mabaki ya vitambaa vya wateja, akatia vitanzi kulia na kushoto, kila mtoto na chake. Asubuhi watoto wa mtaa walikusanyika barazani, wakaingiza viganja kwenye vitanzi, na yeye akatangulia na tochi na filimbi. Mle ndani kuna giza, na lori likipita juu zege linanguruma mpaka meno yanagongana. Aliwafundisha kwamba akisema "taratibu" kila mguu unasimama hapo ulipo, hata kama umeinuliwa. Wakafanya mchezo. Alikuwa akiwachukua watoto wote wa mtaa, na baada ya muda hata wakubwa wakaanza kupita chini, maana njia ilikuwa safi. Miezi ya mvua tu, maji yalipojaa, ndipo tulipolazimika kupanda juu, na miezi hiyo alikonda.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi siku walipokuja watu wa mipango ya barabara.

Walitukusanya kwenye ukumbi wa shule, wakabandika ukutani ramani ndefu kuliko ukuta wenyewe, ikabidi ncha moja ikunjwe. Aliyezungumza alikuwa mhandisi, mwanamke kijana mwenye sauti iliyokauka kwa kusema maneno yale yale kila mji wa njiani. Alieleza vizuri. Huu ni mpango wa miaka ishirini wa ushoroba mzima, alisema, yaani barabara kuu yote na vinavyoishi kwayo, kutoka bandarini hadi mpakani. Fedha haziwezi kutosha kila kitu kwa mpigo, kwa hiyo kazi zimegawanywa katika awamu tatu, na kinachotangulia ni kile ambacho hesabu inaonyesha kinahitajika zaidi. Awamu ya kwanza ni upanuzi. Kipande chetu kitakuwa cha njia nne, mbili za kwenda na mbili za kurudi, kuanzia mwakani. Awamu ya pili, mizani na maegesho ya malori. Awamu ya tatu, mengineyo.

Watu walipiga makofi kwa njia nne. Mimi nilinyoosha mkono nikauliza daraja la waenda kwa miguu la kwetu liko wapi.

Akatafuta kwenye karatasi zake. "Awamu ya tatu."

"Ni lini hiyo?"

"Baada ya mwaka wa kumi na mbili. Fedha zikipatikana."

Sauti nyuma ikasema, "Kidoti atavuka akiwa na watoto wake mgongoni," na watu wakacheka. Mama Taratibu alikuwa mbele yangu. Akasimama.

"Na kalavati, mwanangu?" aliuliza, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema mkutanoni. "Kalavati litabaki?"

"Hapana, mama. Litatolewa, tutaweka mabomba. Yanapitisha maji vizuri zaidi." Akaonyesha kwa mikono miwili upana wa bomba. Mtoto mchanga angepita akitambaa. "Lakini msione tumewasahau. Tulikaa hapa wiki nzima kiangazi kilichopita, tukahesabu watu wanaovuka. Walikuwa wachache mno. Hata mimi nilishangaa, shule ile pale, nyumba hizi hapa. Nikadhani watoto wenu wanasoma kwingine."

Kila mtu alielewa kwa wakati mmoja. Hakuna aliyemtazama Mama Taratibu, watu walijizuia, na kule kujizuia kulikuwa kubaya kuliko kumtazama. Yeye mwenyewe alikaa polepole, akashika ukingo wa benchi kama mtu aliye kwenye gari linalokata kona.

"Walipita chini," alisema. "Mimi ndiye niliyewapitisha chini."

Baada ya mkutano mhandisi alifuatana nasi hadi kalavatini. Alichungulia ndani, akaona sakafu iliyofagiliwa, akaona mkanda umetundikwa kwenye msumari. Akajifuta uso.

"Si unaona sasa?" nilimwambia. "Andika kwamba wanapita humu."

"Naweza kuandika, Katibu. Lakini wanaopanga hawatakuja hapa, watasoma. Wakisoma kwamba watoto wanapita chini, watasema tayari wana njia. Na tukisema njia inaondolewa, watasema kalavati si njia ya watu, haikupaswa kutumika." Akamgeukia Mama Taratibu. "Mpango unafungwa mwisho wa mwezi. Naweza kuomba siku moja ya kuhesabu upya, kuanzia asubuhi shule inapofunguliwa hadi jioni inapofungwa. Fomu ina sehemu ya watoto peke yao, na hiyo ina uzito kuliko zote. Lakini ni wanaovuka juu. Na magari yasisimamishwe, maana tunapima pia watu wanasubiri kiasi gani."

"Unaniambia niwapeleke juu."

"Sikuambii hivyo, mama. Sithubutu. Nakuambia kinachohesabiwa."

Kamati ilikaa. Mmoja alipendekeza sisi wakubwa tuvuke na kurudi mchana kutwa, tuzunguke kama kuku wanaotafuta pa kutagia. Mwalimu mkuu akasema wanaohesabu si vipofu, na kwamba wakigundua tunacheza, hata awamu ya tatu tutaisikia redioni. Walijadili mpaka chai ikapoa. Mwishowe mama wa yule mtoto aliyegongwa akasema maneno ambayo niliyaandika kama yalivyo: "Mimi wangu namkabidhi Mama Taratibu. Akisema juu, ni juu. Akisema chini, ni chini." Wengine wakaitikia. Walidhani wanampa heshima. Nilimtazama, nikaona wamempa mzigo ambao hakuwa na pa kuushikia.

Siku zilizofuata hakushona chochote. Alikaa kwenye mashine na mguu juu ya kanyagio, akitazama matairi.

"Miaka kumi na miwili," aliniambia. "Njia nne, Katibu. Njia mbili tu zinanitoa jasho. Na bila kalavati." Kisha, sauti chini: "Lakini nikimpoteza mmoja siku hiyo, hilo daraja nitalipandaje?"

Mzee wake ndiye aliyekuwa na jibu, au sehemu yake. Aliacha drafti, akachukua fimbo na kopo la jivu, akaenda uwanja wa shule kwa magoti yale, akachora barabara ardhini kwa jivu. Watoto wakaja na mkanda wao.

"Utoe huo," alisema.

"Mkanda hautoki," mkewe akajibu.

"Bibi Kidoti, nisikilize." Humwita hivyo anapokuwa hana utani. "Huko chini mkanda ni mzuri. Juu, gari likigusa wa mwisho, linawavuta wote. Na mkivuka kama mkia, mkia unabaki barabarani muda mrefu. Mvuke kama ukuta. Bega kwa bega, wote mnaingia pamoja, wote mnatoka pamoja. Mimi nimekaa nyuma ya usukani maisha yangu yote. Mtoto mmoja mmoja dereva hamwoni. Ukuta anauona."

"Na wakiachana mikono?"

"Ndiyo maana wanajua neno lako."

Wakafanya mazoezi kwenye jivu mpaka jivu likafutika. Mzee alikuwa lori, alikuwa basi, alikuwa pikipiki, na watoto walicheka sana alipopiga honi kwa mdomo. Mama Taratibu hakucheka. Alivua mkanda kwenye mikono yao kitanzi kimoja kimoja, kama anayefungua bandeji.

Asubuhi ya siku yenyewe kulikuwa kukavu. Kalavati lilikuwa wazi, kavu, limefagiliwa, hatua chache tu kutoka tuliposimama. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Wahesabuji wawili walikaa ng'ambo chini ya mwavuli, mhandisi amesimama karibu yao. Mzee aliketi kwenye kigoda chake mahali anapoiona kona, kofia mkononi. Akiinua kofia, subiri. Akiivaa, vukeni.

Ukiwa juu ya tuta barabara si ile unayoiona kutoka barazani. Unaona magari yote, na upepo wa kila lori unakusukuma kifuani halafu unakuvuta nyuma. Watoto walisimama safu, bega kwa bega. Kidoti alikuwa katikati na soksi zilizovutwa hadi magotini.

Mzee akavaa kofia. Mama Taratibu hakupuliza filimbi.

Mzee akaivua, lori likapita. Akaivaa tena. Mkewe hakupuliza. Nilikuwa nyuma yake na safu ya pili, na niliisikia filimbi mdomoni mwake ikitoa mlio mdogo wa pumzi tu. Ng'ambo kengele ya shule ikalia. Mara ya tatu, au ya nne, mzee alivaa kofia, akaigandamiza kichwani kwa mikono yote miwili na kumtazama mkewe. Mama Taratibu akapuliza.

Safu ya kwanza ilivuka salama. Hata leo sikumbuki miguu, nakumbuka migongo ya mikoba. Akawafikisha, akarudi kuchukua safu yangu, ambamo Kidoti alikuwa amehamia kabla filimbi haijalia, akitaka kuwa na bibi yake kwenye mvuko wa mwisho. Kofia ikavaliwa, filimbi ikalia, tukaingia.

Basi lililotoka upande wa pili lilipunguza mwendo kwa ajili yetu. Dereva wake alikuwa mtu mwema. Lakini nyuma ya basi kulikuwa na pikipiki isiyojua kwa nini basi linapunguza, ikatoka pembeni ili ilipite. Mzee hakuweza kuiona kutoka kigodani. Mimi sikuiona. Mama Taratibu aliiona, sijui kwa jicho lipi, labda kwa kuwa ameogopa pikipiki hiyo hiyo kila siku ya maisha yake kabla haijaja.

"Taratibu!"

Kila mguu ukasimama hapo ulipo. Kidoti alikuwa ametangulia nusu hatua, akarudisha mguu, kiatu kikabaki. Pikipiki ikapita mbele ya vifua vyetu. Nilihisi joto la injini kwenye mikono. Ikakanyaga kiatu, ikayumba, ikaenda zake. Basi lilikuwa limesimama kabisa, na ndani yake mtu alikuwa akilia kwa sauti.

"Twendeni," Mama Taratibu alisema. "Ukuta. Twendeni."

Alituvusha. Aliwafikisha wote langoni, akawahesabu kwa kuwagusa vichwa, kisha akaenda nyuma ya uzio wa shule akatapika kwenye majani. Mhandisi alimfuata na chupa ya maji. Uso wake ulikuwa umepauka kama jivu la mzee.

"Mama, jioni usirudie. Tafadhali."

"Cha asubuhi peke yake kinatosha?"

Mhandisi akageuka kuwatazama wahesabuji wake chini ya mwavuli.

"Sema, mwanangu. Usinionee huruma."

"Wanataka siku kamili. Nusu siku watasema haikukamilika."

Mama Taratibu akanywa maji, akasukutua, akatema. Alikwenda kukaa chini ya dirisha la darasa la Kidoti, akakaa pale hadi masomo yalipokwisha.

Jioni watoto walitoka wakamkuta langoni. Alikuwa ameushika mkanda. Sijui alikuwa ameagiza uletwe lini. Walipouona wakanyoosha viganja kutafuta vitanzi vyao, kwa mazoea tu, na Kidoti naye, mguu mmoja na kiatu, mwingine na soksi. Mlango wa kalavati ulikuwa pale chini, una kivuli na ubaridi. Wazazi wachache tuliokuja tulisimama kando. Kila mmoja wetu, nina hakika, alitamani aseme chini.

Akautazama mkanda. Akautazama mguu wa Kidoti. Kisha akajifunga mkanda kiunoni, akakaza fundo.

"Ukuta," alisema.

Jioni hakikutokea kitu. Kofia ilivaliwa, filimbi ililia, tukavuka, akarudi, tukavuka. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyokuogopa kule kutotokea kitu. Kesho yake asubuhi vitanzi vilirudi mikononi, wakapita chini.

Mpango uliporudi, mhandisi aliuleta mwenyewe. Daraja letu lilikuwa limetolewa awamu ya tatu na kupelekwa ya kwanza, na chini yake pameandikwa kwamba lisimame kabla ya kalavati kuguswa na kabla ya njia nne kufunguliwa. Watu walipiga makofi tena. Mzee alimpungia mkewe kofia kutoka nyuma ya ukumbi. Yeye alikuwa amekwenda mbele, ameinamia mchoro mpaka pua inakaribia karatasi.

"Hivi vyuma vya pembeni," alisema, "kutoka kimoja hadi kingine ni kiasi gani?"

Mhandisi akamwambia kipimo cha kawaida.

"Kichwa cha mtoto kinapita?"

"Cha mtoto wa umri gani, mama?"

Mama Taratibu alivua tepu iliyoning'inia shingoni mwake, na kwa siku kadhaa baadaye watoto wa mtaa walipita barazani mmoja mmoja kupimwa vichwa, kutoka sikio hadi sikio, kana kwamba wanashonewa kofia.

"Haya, Katibu," mzee aliniambia, akisogeza kizibo. "Umewahi kuona mtu anaogopa daraja ambalo halijajengwa?"

"Bibi, unanibana," Kidoti akasema.

"Tulia." Alisoma tepu, akaisoma tena upande wa mwanga, kisha akanigeukia. Barua ya kamati kwa ofisi ya mipango ilikuwa magotini mwangu. "Andika kile kidogo kuliko vyote. Kile cha mtoto wa jirani yule wa chekechea. Halafu punguza kidogo."

"Kwa nini nipunguze?"

"Si mpango wa miaka ishirini? Kuna ambao hawajazaliwa."

Nikaandika. Lori likapita juu, zito, likipunguza mwendo, na yeye akasimama na tepu mkononi, hakupumua, mpaka mlio ulipokwisha.